Desktopu pepe: dhana potofu, ukweli, na programu za kuziongezea manjonjo

Tangu Windows 10 itoke Julai 2015, huhitaji kusakinisha chochote ili uwe na desktopu pepe, yaani desktopu zaidi ya moja kwenye skrini ileile, kila moja na madirisha yake. Bonyeza Windows+Ctrl+D, ya pili inafunguka. Windows+Ctrl na mshale wa kulia au kushoto, unahama. Hata hivyo watu bado wanapakua programu za ziada za kuzipamba na kuziendesha, na wengi wao wanazitarajia zifanye mambo ambayo hazikutengenezwa kuyafanya.

“Desktopu ya pili itaipa laptopu wepesi.”

Hii ndiyo imeenea kuliko zote, hasa kwa wenye mashine za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4. Ukweli ni kwamba madirisha yameondoka machoni pako tu. Excel uliyoiacha desktopu ya kwanza, na kivinjari chenye tabo lukuki, bado vimekalia RAM ileile. Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, tazama matumizi ya RAM, hama desktopu, kisha tazama tena: kwa kuhama pekee hutaona nafuu. Programu ya ziada nayo inataka sehemu yake, ndogo lakini ipo. Hata kufunga desktopu hakusaidii, maana madirisha yake hayafungwi. Yanahamia desktopu nyingine. Anayetaka wepesi afunge programu zenyewe.

“Programu hizi zote ni zilezile, tofauti ni sura.”

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopotea. VirtuaWin, ya tangu enzi za Windows zisizokuwa na desktopu pepe zake, kazi yake ni kuficha madirisha na kuyarudisha unapohama. Desktops ya Sysinternals (mkusanyiko wa zana za Windows ulio chini ya Microsoft), iliyoandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, inaunda desktopu kamili ndani ya mfumo, mwisho nne. Ndiyo maana dirisha ulilolifungua kwenye moja huwezi kulihamishia nyingine. Mfumo wenyewe hauruhusu. Kisha kuna kundi la tatu, mara nyingi skripti za AutoHotkey (programu ya kujitengenezea vitufe vya mkato), ambazo haziundi chochote. Zinapanda mgongoni mwa desktopu za Windows 10 na 11 na kuziongezea vikorombwezo: kuruka moja kwa moja hadi desktopu ya tano, au kuonyesha namba ya desktopu karibu na saa.

“Imeacha kufanya kazi baada ya apdeti, basi ina virusi.”

Kundi hilo la tatu ndilo linalosingiziwa hivi. Microsoft imewaachia watengenezaji wa nje mlango mmoja tu rasmi, wenye kazi tatu: kuuliza kama dirisha liko kwenye desktopu unayoitazama, kuuliza liko desktopu ipi, na kulihamisha. Tena programu inahamisha madirisha yake yenyewe, si ya wenzake. Kuunda desktopu au kuruka kutoka moja hadi nyingine havimo. Watengenezaji wakachungulia wakagundua milango ya ndani isiyotangazwa, wakaitumia. Microsoft haijaahidi kuiacha ilivyo, na vitambulisho vyake vimebadilika toleo hadi toleo. Apdeti kubwa ikiingia, asubuhi unabonyeza kitufe chako ulichokizoea, kimya. Bonyeza Windows+R, andika winver, usome namba ya toleo lako, kisha utafute kama mtengenezaji ametoa nakala inayolingana nayo. Kupata nakala inayolingana si kinga ya virusi, bila shaka. Pakua kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti zilizojaa vitufe vya kijani vya “pakua hapa”.

“Nikiweka mambo yangu desktopu ya pili, hakuna atakayeyaona.”

Windows+Tab, na yote yako hadharani. Isitoshe, ulichokinakili upande mmoja kinabandikika upande mwingine, nywila zikiwemo. Kompyuta ya kuchangia inataka kila mtu awe na akaunti yake.

“Bila programu ya ziada huwezi kuweka picha tofauti.”

Hiyo ilikuwa kweli kwa Windows 10. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inakuruhusu: Windows+Tab, bofya kwa kitufe cha kulia picha ndogo ya desktopu unayoitaka, chagua mandhari yake. Majina nayo unayaweka hapohapo. Kisichobadilika ni ikoni. Zinatoka kwenye folda moja, kwa hiyo faili uliyoidondosha kwenye desktopu ya “Kazi” utaikuta pia kwenye ya “Nyumbani”.

Kwa maoni yangu, kilichobaki cha kupakulia programu ni kuruka kwa namba na kuzipangia programu desktopu zake tangu zinapofunguka. Na kama unachotaka ni kuhama haraka tu, na laptopu yako ina padi ya kugusa ya kisasa, jaribu kwanza kutelezesha vidole vinne kushoto au kulia.