Eti kijiji kikijengewa shule basi watu wote watajua kusoma?

Hii watu huirudia sana ila sio kweli, shule inamsaidia mtoto, mama wa miaka 35 anayeponda kokoto kutwa nzima haimfikii. Chukua wilaya ya Pudukkottai, huko Tamil Nadu kusini mwa India, mashambani kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 walianzisha kampeni ya kusoma na kuandika inaitwa Arivoli Iyakkam, walimu wengi ni wa kujitolea tu, wanafundisha jioni kazi zikiisha, na wanafunzi wengi ni wanawake, wakiwemo vibarua wa kwenye machimbo ya mawe.

Sasa hapa ndo patamu, kampeni hiyohiyo ikaingiza na baiskeli! Maana utajuaje kusoma kama hata kwenda darasani au sokoni mpaka mwanaume akupeleke? Wanawake kwa maelfu wakajifunza, wanaume wengine wakawazomea na kuwatolea maneno machafu, wao wakakanyaga pedeli tu. Tena baadhi yao wakapenda baiskeli za kiume, zina lile bomba la katikati mtoto anakaa hapo (akili hiyo!).

Na kitu kingine, sensa ya India haikuulizi cheti. Ukiwa na miaka 7 kwenda juu na unaweza kusoma na kuandika kwa kuelewa, lugha yoyote ile, unahesabiwa unajua kusoma, hata kama darasa la kwanza hujawahi kuliona.