Ndege ya majini ya Kiitaliano: ni nini, na kwa nini ilikuwa na umbo lile?

Ndege ya majini ni ndege inayopaa kutoka juu ya maji na kutua juu ya maji. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ndege iliyofungwa maboya marefu chini yake badala ya magurudumu. Ya pili ni ile ambayo tumbo lake lenyewe ni chombo cha majini: linaelea, linakata mawimbi, kisha linapaa. Waitaliano walizitengeneza zote mbili, na kati ya miaka ya 1920 na 1930 walitoa maumbo ambayo ukiyaona pichani leo unaweza kudhani msanii kayabuni tu. Mimi nazipenda ndege hizi kwa sababu karibu kila la ajabu ndani yake lina kazi, na kazi hiyo imetokana na maji.

Zama zile viwanja vya ndege vilikuwa vichache na vifupi, vingi vikiwa vya majani tu. Italia imezungukwa na bahari pande tatu, na kaskazini ina maziwa makubwa kama Garda na Maggiore. Juu ya ziwa rubani anaweza kukimbiza ndege yake umbali mrefu sana kabla ya kupaa, bila mtu kulipia hata jiwe moja la barabara.

Maji nayo yana masharti yake. Hulinata tumbo la ndege na kulivuta lisiondoke, kwa hiyo chini ya tumbo huwekwa kidato kama cha ngazi, hewa ipate pa kupenya na ndege ijinasue. Hurusha matone ambayo, yakiigonga rafadha (pangaboi) inayozunguka kwa kasi, huiharibu. Kwa hiyo injini hupandishwa juu. Tena maji hayatulii, na ndege yenye tumbo moja jembamba hulalia upande. Ndiyo maana nyingi huwa na viboya vidogo chini ya mabawa, vinavyofanya kazi ileile ya ndubi za ngalawa.

Sasa itazame Savoia-Marchetti S.55, iliyosanifiwa na Alessandro Marchetti na kuruka mara ya kwanza mwaka 1924. Haina viboya hivyo, kwa sababu ina matumbo mawili yaliyo sambamba, na kati yake bawa moja nene lenye urefu wa mita 24 kutoka ncha hadi ncha. Marubani huketi ndani ya bawa, katikati kabisa, ukingo wa mbele. Juu ya vichwa vyao, kwenye miguu ya vyuma, zimepangwa injini mbili mgongo kwa mgongo: rafadha ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma, na zote ziko mbali na matone. Nyuma ya matumbo kuna fito zilizo wazi zinazobeba mkia. Nafasi ile ya katikati nayo ina sababu, na ni ya kivita: ndege ilibuniwa ibebe topido, yaani bomu la kupigia meli linalokwenda ndani ya maji, nayo ilining'inizwa hapo. Kwangu mimi hakuna ndege ya zama zile inayoishinda kwa uzuri.

Julai 1933 waziri wa usafiri wa anga, Italo Balbo, aliongoza kundi la S.55 kutoka Orbetello, Italia, kupitia Amsterdam, Iceland na Kanada, na 24 kati yake zikatua katika Ziwa Michigan, mbele ya jiji la Chicago. Ilikuwa kazi kubwa ya urubani. Ilikuwa pia propaganda ya utawala wa kifashisti wa Mussolini, na anayezisifu ndege hizi hana budi kulisema hilo waziwazi.

Si kila umbo geni lilifaulu. Gianni Caproni alijenga Ca.60, tumbo moja lenye mabawa tisa yaliyopangwa matatumatatu na injini nane, ili ivushe abiria 100 ng'ambo ya Atlantiki. Machi 1921 ilipaa kidogo juu ya Ziwa Maggiore, ikaanguka na kuvunjika. Piaggio P.7 ya mwaka 1929, kazi ya Giovanni Pegna, haikuwa na maboya kabisa: ililala majini hadi usawa wa mabawa, ikategemea rafadha ndogo ya nyuma isukume maji mpaka vibawa vidogo vilivyo chini ya maji viinyanyue, ndipo rafadha kubwa ya mbele ianze kuzunguka. Haikupaa hata mara moja. Hata hivyo ukiiangalia, nyembamba na laini kutoka pua hadi mkia, unaelewa Pegna alikuwa anakimbia nini: maboya ni mzigo mkubwa angani.

Mario Castoldi, msanifu wa kiwanda cha ndege cha Macchi, aliyabakiza maboya, akashughulika na mengine. Katika ndege yake ya kasi, M.C.72, aliweka injini ya Fiat AS.6, ambayo kwa hakika ni injini mbili za silinda 12 zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Rafadha moja yenye nguvu zile ingezamisha boya la upande mmoja wakati wa kuondoka, kwa hiyo alitumia mbili kwenye mhimili mmoja, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake. Kisha kuna rangi. Mwili ni mwekundu, lakini mabawa yana rangi ya shaba, na watu wengi huona ni urembo. Ile ni rejeta: maji ya kupoza injini yanapita kwenye ngozi ya bawa yenyewe, ili pasiwe na kitu kinachojitokeza kuzuia hewa.

Marubani wawili, Giovanni Monti na Stanislao Bellini, walikufa mwaka 1931 wakiijaribu. Tarehe 23 Oktoba 1934 Francesco Agello aliirusha juu ya Ziwa Garda kwa kilomita 709.2 kwa saa. Wakati huo hapakuwa na ndege yoyote duniani, ya nchi kavu wala ya majini, iliyowahi kwenda kasi hiyo, na miongoni mwa ndege za majini za injini ya pistoni rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Ndege yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Vigna di Valle, kando ya Ziwa Bracciano karibu na Roma. S.55 imebaki moja tu, Jahú, iliyomvusha Mbrazili João Ribeiro de Barros Atlantiki ya Kusini mwaka 1927, nayo iko Brazil.