Hematoma ya epidura: damu inapoubana ugwe mgongo

Jina ni refu, jambo lenyewe ni fupi. Damu imevuja ikajikusanya ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, kati ya mfupa na utando mgumu unaofunika ugwe mgongo. Ugwe huo, mnene kama kidole kidogo cha mkono, ndio njia ya amri zinazotoka kwenye ubongo kwenda miguuni. Mfereji wake ni wa mfupa, hautanuki. Damu ikiingia humo inaubana.

Hutokea kwa nadra sana, na wengine hata hawakuanguka. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, wako hatarini zaidi.

Chukua fundi samani wa Keko. Yuko kwenye randa, ghafla anachomwa katikati ya mabega. Anasema msuli huo, anaketi kidogo. Saa moja baadaye miguu ina ganzi; akitaka kuinuka, haimtii. Jioni mkojo hautoki. Mtaani watasema kapigwa na upepo, atafutiwe wa kumchua. Wajuaji watasema kiharusi, na hapa hata hospitalini watu huteleza, kwa sababu damu ikibana upande mmoja wa ugwe shingoni, mkono na mguu wa upande huo hulegea kama kiharusi hasa. Ila kwa mgonjwa wa hivyo mdomo haujapinda, ulimi si mzito, na shingo inauma vibaya. Akidhaniwa ana kiharusi akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, uvujaji unazidi.

Picha ya CT ya kichwa itatoka safi. Picha ya MRI ya mgongo ndiyo itakayoonyesha. Kisha daktari wa upasuaji, kwa hapa Dar wengi hupelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, huondoa kipande cha mfupa nyuma ya pingili na kuitoa damu. Waliopasuliwa ndani ya saa 12 hivi tangu walegee huwa na nafasi nzuri zaidi ya kutembea tena, hasa aliyebakiwa na nguvu au hisia kidogo. Wachache huanza kupata nafuu wenyewe. Hao huangaliwa kwa karibu bila kisu.

Si kila kupooza kwa namna hii ni damu, lakini. Mayai ya minyoo ya kichocho, ugonjwa unaopatikana kwenye maji, nayo huweza kufika kwenye ugwe mgongo yakalegeza miguu, na hapo tiba ni prazikwanteli pamoja na steroidi. Ndiyo maana kijana aliyepooza miguu anaweza kushangaa daktari akimuuliza utotoni alikuwa akiogelea wapi.