Swichi haigawi anwani

Msimu wa wageni ukipamba moto hapa Malindi, simu za wageni hotelini hugoma kuingia mtandaoni, na fundi huja na jibu lilelile: "Swichi imeishiwa anwani, nunueni kubwa." Mwenye hoteli hutoa pesa, swichi mpya hufungwa, na wageni huendelea kulalamika. Kauli hiyo imezoeleka mno, na inawagharimu watu bure.

Swichi huunganisha vifaa vya mtandao mmoja na kupeleka kila fremu, yaani kifurushi kidogo cha data, kwenye mlango wake, yaani tundu la waya wa kifaa husika. Huongozwa na anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo kwa kawaida kifaa hutoka nayo kiwandani. Simu za siku hizi huweza kujitungia nyingine, lakini kazi ya swichi haibadiliki.

Anwani hizo swichi haimpi mtu, wala haimuulizi mtu. Fremu ikiingia, husoma anwani ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake: huyu yuko mlango wa tatu. Ni kama mzee wa barazani anayejua nani anakaa uchochoro gani kwa kuwaona wakitoka. Anayetuma ndiye anayeifundisha. Anayetumiwa hutafutwa tu jedwalini. Asipoonekana, fremu hutolewa kwenye milango yote isipokuwa ule iliyoingilia, naye akijibu, jibu lake ndilo linalomwandikisha. Mlango mmoja wenye kifaa cha Wi-Fi unaweza kuandikiwa simu hamsini bila shida yoyote.

Aliyenyamaza hufutwa, mara nyingi baada ya sekunde 300. Aliyehamia mlango mwingine hurekebishwa kwa fremu yake ya kwanza. Umeme ukikatika jedwali lote hupotea, na ukirudi hujazwa upya vifaa vinapoanza kuzungumza. Hata swichi ndogo ya milango minane hubeba maelfu ya anwani. Tuseme jedwali limejaa kweli: swichi haimfungii mtu nje. Fremu za wasioandikwa husambazwa kila mlango, mtandao ukawa mzito, lakini zinafika.

Kinachoisha ni anwani za IP, namba ambazo kila kifaa hukopeshwa ili kiwasiliane mtandaoni, na hizo hugawiwa na ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa hoteli na intaneti, kwa huduma ya kugawa anwani iitwayo DHCP. Mtandao mdogo wa kawaida una nafasi 254, na ruta yenyewe inakalia moja. Muda wa kukopesha anwani ukiwekwa saa 24, mgeni aliyeondoka asubuhi anaweza kuendelea kuhesabiwa na anwani yake hadi kesho, na aliyeingia mchana akakosa.

Kwa hiyo fundi akitaja swichi, mwombe kwa upole afungue kwanza ukurasa wa ruta na kuangalia anwani ngapi zimekopeshwa. Zikiwa zimejaa, apunguze muda uwe saa mbili au apanue mtandao uwe na anwani zaidi. Swichi iacheni ilipo.