Kona ya reli inakula nguvu kiasi gani?

Nikipewa mchoro wa njia ya reli na kuulizwa kama injini moja itatosha kuvuta mzigo, hutazama milima kwanza, kisha kona. Milima kila mtu huikumbuka. Kona husahaulika au huhesabiwa vibaya, na kosa lenyewe karibu kila mara ni lile lile. Mimi mwenyewe nililifanya miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii.

Tuanze na gurudumu. Magurudumu mawili ya treni yamekazwa kwenye ekseli moja, hivyo likizunguka hili mara moja na mwenzake amezunguka mara moja. Kwenye kona, reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Ndiyo maana magurudumu huchongwa mshazari kidogo, mara nyingi 1 kwa 20: ekseli ikisogea nje, gurudumu la nje hukanyaga reli kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu nyembamba, na ekseli ikajiongoza yenyewe bila usukani. Ubunifu huu unanistaajabisha hadi leo.

Una kikomo, lakini. Chukua gurudumu lenye nusu kipenyo cha sm 46 kwenye geji (umbali kati ya reli mbili) ya mm 1,435. Ili lipite kona ya nusu kipenyo cha mita 300 bila kuteleza, ekseli ingehitaji kusogea mm 23. Nafasi kati ya ukingo wa gurudumu, yaani ule mdomo unaolizuia lisitoke relini, na reli ni milimita chache tu, tuseme 7, na kwa nafasi hiyo kujiongoza kunaishia kwenye kona za mita 1,000 hivi. Kona ikiwa kali kuliko hapo, magurudumu huteleza na ukingo husugua ubavu wa reli. Juu ya hayo, ekseli mbili za bogi moja (fremu inayozibeba chini ya behewa) hukaa sambamba, kwa hiyo haziwezi zote mbili kuelekea kitovu cha kona, na magurudumu hukokotwa kando kidogo kidogo kila mita.

Kona ikiwa pana mara mbili, utelezi huo hupungua nusu. Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Weka msuguano wa 0.3, mita 1.5 kati ya mahali magurudumu mawili yanapokanyagia, mita 2 kati ya ekseli na ekseli, na utapata ukinzani, yaani nguvu inayoirudisha treni nyuma, wa karibu 375/R: nyutoni kwa kila kilonyutoni ya uzito, R ikiwa nusu kipenyo kwa mita. Ukingo unaosugua reli ndio unaongeza sehemu kubwa ya kilichobaki, na kufikia kanuni zinazotumika kazini. China hutumia 600/R, Urusi 700/R. Kanuni ya Röckl, inayojulikana sana Ulaya, ni 650/(R − 55) kwa kona za mita 300 na zaidi. Wamarekani huhesabu ratili 0.8 kwa kila tani yao ya ratili 2,000, kwa kila digrii ya kona, na digrii moja kwao ni nusu kipenyo cha mita 1,746 hivi. Ukiibadilisha hesabu hiyo kwa vipimo vya mita inatoka 700/R, ile ile ya Warusi.

Kwa kona ya mita 400, kanuni hizi zinatoa 1.5, 1.75 na 1.88. Sioni faida ya kubishania tofauti hiyo, maana mvua au grisi kwenye reli hubadilisha msuguano kuliko hapo. Chagua moja na usiichanganye na nyingine ndani ya hesabu moja.

Sasa lile kosa. Tuseme treni ya tani 1,200 inapita kona hiyo ya mita 400, nasi tunatumia 600/R. Uzito wake ni kilonyutoni 11,772. Ukizidisha kwa 1.5 unapata kilonyutoni 17.7 za ukinzani, na wengi huishia hapo. Lakini treni hiyo ina urefu wa mita 600, na kona ina urefu wa mita 350 tu. Hakuna wakati hata mmoja ambapo treni nzima imo ndani ya kona! Mabehewa yaliyoko kwenye kona ndiyo yanayodaiwa, kwa hiyo tunazidisha kwa 350/600, na ukinzani unashuka hadi kilonyutoni 10.3.

Ukiifungua hesabu hiyo utaona R inajifuta. Urefu wa kona ni nusu kipenyo mara pembe iliyogeuzwa, hivyo treni ikiwa ndefu kuliko kona, ukinzani, kwa nyutoni kwa kila kilonyutoni ya uzito wa treni nzima, ni 10.5 mara digrii za pembe, gawanya kwa urefu wa treni kwa mita. Na kazi yote inayofanywa kuipitisha treni, ndefu au fupi, haitegemei ukali wa kona hata kidogo. Kila digrii moja ya kugeuka ni sawa na kuinua treni nzima mm 10.5. Kona yetu ya digrii 50 ni sawa na kuipandisha sm 52, na kugeuka digrii 90 ni karibu sm 94. Ukiipanua kona bila kubadili pembe, unapunguza nguvu inayohitajika kwa wakati mmoja, lakini nishati inabaki ile ile.

Nguvu hiyo ya wakati mmoja ndiyo inayokwamisha treni mlimani. Nyutoni 1.5 kwa kilonyutoni ni sawa na mwinuko wa mita 1.5 kwa kila mita 1,000. Kama mwinuko mkubwa unaoruhusiwa kwenye njia ni mita 10 kwa 1,000, basi ndani ya kona ya mita 400 tunaulegeza hadi 8.5. Treni inayojaza kona yote haitaona tofauti.

Gari la barabarani lina tabia nyingine kabisa. Tairi hugeuka kwa kuteleza pembeni kwa pembe ndogo, na ukinzani unafuata kipeo cha nne cha mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani huwa mara 16. Gari la kilo 1,500 kwenye kona ya mita 100, likiwa na tairi za ugumu wa kawaida, hukinzwa na kona hiyo kwa nyutoni 15 hivi likienda km 36 kwa saa. Kwa km 72 zinafika 240, zaidi ya ukinzani wote wa tairi kubingirika kwenye barabara iliyonyooka, ambao ni kama nyutoni 150.