Sijaajiriwa kuponda picha

Juzi tena, kwenye shughuli ya harusi, shemeji yangu kanitambulisha kwa wageni: "Huyu kazi yake kuponda picha za watu." Wakacheka, nikacheka nao, pilau ikapita pabaya. Mara ya ngapi hii? Mwaka wa tisa sasa nachagua filamu za tamasha, kabla ya hapo nilikuwa naandika uhakiki tu, na bado watu wanadhani mhakiki ni kadhi wa mirathi: anakaa, anakunja uso, anagawa alama.

Basi nimtaje Aruna Vasudev, mhakiki wa filamu wa Delhi, aliyefariki 2024. Mama huyu alifanyia uzamivu wake Paris, juu ya udhibiti wa filamu nchini India. Mwaka 1988 akaanzisha Cinemaya, jarida la sinema ya Asia. 1990 ukaja NETPAC, mtandao wa kukuza sinema ya Asia. 1999 tamasha la Cinefan, palepale Delhi. Watu wakisoma hayo husema aliacha uhakiki akawa mwandaaji. Hakuacha kitu!

Lifikirie jarida lile. Unasifia filamu ya Iran kurasa nne nzima, msomaji wako yuko Pune, mji mwingine wa India, amekusadiki, anataka kuiona. Ataionea wapi, na ukumbi wa mtaani kwake unaonyesha za Bombay na za Hollywood? Amenusishwa biriani, hajapewa sahani. Kwa hiyo unawaletea watu filamu yenyewe. Na enzi hizo kuleta kulikuwa kubeba: mikanda ya milimita 35, mitano au sita kwa filamu ya dakika 100, ndani ya makopo, kupitia forodha. Siku hizi ni faili, tusikae hapo.

Nitakaa kwenye kupanga. Filamu nzuri ni nyingi, kuzipata si shida. Shida ni ioneshwe saa ngapi, na baada ya ipi. Mwaka mmoja niliweka filamu ya Kimalayalam, lugha ya Kerala, kusini mwa India, taratibu kabisa, bibi na kisima chake, saa mbili usiku, baada ya vichekesho. Ukumbi ulikuja kutafuta picha la Kihindi, nyimbo na steringi. Dakika ya kumi na tano viti vikaanza kugonga, kimoja kimoja, tap, tap. Mwaka uliofuata nikairudisha ileile, saa kumi jioni, baada ya filamu fupi ya wavuvi, na karatasi ya mlangoni yenye aya tatu: sikilizeni kamba ya kisima inavyolia. Walikaa. Mzee mmoja akaniuliza wakati wa kutoka, "Mwanangu, kamba ile si ya makumbi kama zetu?" Filamu haikuongezwa wala kupunguzwa hata fremu moja. Zile aya tatu ndizo uhakiki, shemeji.

Kuna jambo sina jibu lake. NETPAC hutoa tuzo kwenye matamasha ya watu wengine, Rotterdam na Kerala kwa mfano, na dunia yetu hii ni ndogo: leo mtu anaandika, kesho anachagua, keshokutwa yumo kwenye jopo la waamuzi. Mimi pia nimo. Nimewahi kuisifia gazetini filamu niliyoichagua mwenyewe, na naapa wakati ule niliiamini. Mwezi uliopita nikaitazama tena. Nilisinzia kabla haijafika nusu.