Mashine haisomi mawazo yako, lakini soma masharti

"Si siku hizi kuna mashine za kusoma mawazo?" Faragha ya ubongo ikitajwa tu, swali ni hilohilo. Inachosha, kwa sababu watu wanaogopa kisichowagusa na kuacha wazi kinachowagusa.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walibashiri maana ya hadithi ambazo watu walikuwa wakizisikiliza, kwa kupima damu ubongoni. Lakini kila mshiriki alilala ndani ya mashine ya MRI kwa jumla ya saa 16 ili programu ijifunze ubongo wake yeye. Programu iliyofunzwa kwa mtu mmoja haikumfaa mwingine. Mshiriki akikataa kimoyomoyo, kwa kuhesabu saba-saba au kutaja wanyama, ilipotea njia. Tena damu huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya wazo, hivyo hupatikana kiini cha maana, si neno kwa neno. Hakuna wa kukufanyia hayo ukipita njiani.

Hatari ya leo ni mkanda wa kichwani unaouzwa kusaidia usingizi au utulivu. Elektrodi zake, yaani vipande vinavyogusa ngozi na kunasa umeme wa ubongo, hazipati sentensi hata moja, ila hurekodi mawimbi ya ubongo yanayoonyesha umelala au uko macho, na rekodi zinaweza kwenda kwenye seva ya kampuni. Kabla ya kuuvaa, tafuta mambo haya: data ghafi inakaa kwenye simu au kwenye seva? Unaweza kuipakua na kuifuta mwenyewe? Kisanduku cha "utafiti" kimeshatiwa tiki? Kiondoe. Wala usiridhike na ahadi ya kuondoa jina, maana mawimbi yenyewe yanaweza kumtambulisha mtu. Nchini Chile, Agosti 2023, Mahakama ya Juu iliiamuru kampuni ya Emotiv, inayouza vifaa vya kichwani vya aina hii, ifute data ya ubongo ya aliyekuwa seneta, Guido Girardi.

Hofu nyingine ni ya kumbukumbu: "Propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu, hufuta kumbukumbu." Haifuti. Imejaribiwa kupunguza makali ya hofu, na matokeo yamepishana. Mgonjwa bado anasimulia tukio lake.

"Kumbukumbu zangu hakuna awezaye kuzigusa." Zinaguswa bila mashine yoyote. Katika jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell la mwaka 1995, takriban robo ya washiriki walikuja kuamini, kikamilifu au kwa sehemu, kwamba utotoni walipotea dukani, jambo ambalo halikutokea. Kilichotumika ni maandishi na mahojiano tu. Kwa hiyo ukishuhudia tukio, andika ulichokiona, weka tarehe na saa, kabla hujazungumza na shahidi mwingine na kabla hujaulizwa swali lenye jibu ndani yake.